Skii na watoto Februari: nchi tano ndani ya siku kumi, inawezekana?

Mama Wawili (Leipzig)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa safari za majira ya baridi huku Ulaya, hasa mliokwenda na watoto.

Tuko Leipzig. Shule za huku Saxony zinafungwa Februari, na safari hii mume wangu kapata likizo wakati huohuo, jambo la ajabu kwa kazi yake. Tuko watano: sisi wawili, binti wa miaka 9, kijana wa miaka 5, na mama mkwe wangu wa miaka 67 ambaye yuko nasi kwa viza ya Schengen. Katika sisi hakuna aliyewahi kuvaa skii hata kwa kupigia picha.

Ratiba ya mume wangu, ambayo ameichora na kuibandika kwenye friji, ni siku kumi kwa gari letu: usiku mmoja Munich, miwili Innsbruck kule Austria, miwili Val Gardena kule Italia, miwili Zermatt kule Uswisi, miwili Chamonix kule Ufaransa, halafu tunarudi. Kila tukifika tunakodi skii, tunateleza, tunasonga mbele. Hoja yake ni kwamba gharama kubwa ni ya kutoka mlangoni, ukishatoka uone vyote. Mimi roho inasita lakini sina hoja ya kumpinga, milima siijui.

Je, inawezekana? Mtoto wa miaka mitano anafundishika? Na mama mkwe atakuwa anafanya nini sisi tukiwa juu huko? Hataki kabisa kuachwa nyumbani, na mimi sitaki akae hotelini akitazama dirisha.

Mpita Njia

Nchi tano, siku kumi, mtoto wa miaka mitano na mama mkwe kwenye gari moja. Dada, mumeo ni jasiri. Mmemwuliza mama kama na yeye ameiona hiyo karatasi ya kwenye friji?

Fundi Mabuti (Tyrol)

Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Pili, hiyo karatasi ibandueni.

Mimi niko kwenye duka la kukodisha vifaa vya skii, kwenye bonde moja karibu na Innsbruck. Msimu mzima kazi yangu ni kupiga goti mbele ya watu na kuwavisha mabuti, kwa hiyo nitakueleza mambo nikiwa chini huko kwenye miguu. Picha za mitandaoni utaziona mwenyewe.

Kuteleza na kuzunguka ni safari mbili tofauti, na kwa anayeanza haziendi pamoja. Siku ya kwanza mtu anajifunza kusimama, kutembea na mbao miguuni, kuanguka na kuinuka, basi. Siku ya pili mwili wote unauma, na ndipo anafundishwa kufunga breki kwa kukutanisha ncha za mbele na kutanua visigino. Watoto wanaambiwa wazipange skii kama kipande cha piza, na wanaelewa haraka kuliko baba zao. Utamu unaanza siku ya tatu au ya nne, pale mtu anapokata kona mwenyewe na kusimama anapotaka yeye. Sasa tazama ratiba ya mumeo: kila siku ya pili jioni mnafunga mabegi. Mtakuwa na siku ya kwanza na ya pili katika nchi nne, na ya tatu hamtaiona popote.

Halafu shule za watoto zinakwenda kwa wiki. Huku Tyrol kundi la wanaoanza huanza Jumapili au Jumatatu na kuishia Alhamisi au Ijumaa, na siku ya mwisho kunakuwa na mashindano madogo, watoto wanapewa medali. Ukimleta mtoto Jumatano, ama atatupwa kwenye kundi ambalo wenzake wameshazoea kupanda lifti, ama utamlipia mwalimu wa peke yake, na hiyo ni bei nyingine. Kuhusu umri usiwe na wasiwasi. Shule nyingi zinapokea kuanzia miaka mitatu au minne. Wa miaka mitano atapanda kwa zulia linalojiendesha lenyewe juu ya theluji, fimbo hapewi, na saa sita mchana atakuwa hoi. Usimlazimishe kipindi cha mchana siku mbili za mwanzo.

Ningekuwa mimi, ningeweka kambi moja: Seefeld. Ni uwanda ulio kwenye mita 1,200 hivi, na treni inafika katikati ya mji ikitokea Munich kupitia Garmisch. Miteremko ya wanaoanza iko pale pale mjini, huhitaji kupanda kilele chochote. Wanaopenda mashindano wataijua kwa skii za kwenda mwendo mrefu kwenye tambarare, maana mbio hizo za Olimpiki za Innsbruck za 1964 na 1976 zilifanyika hapo. Kwa mama ni pazuri kuliko vyote ulivyotaja: njia za kutembea zinasafishwa na kushindiliwa kila siku, kuna magari ya farasi ya kuzunguka, na treni ya kamba ya Rosshütte inampandisha mtu bila skii mpaka mita 1,760. Huko juu anakaa juani na kinywaji chake cha moto anawatazama watu wakianguka, na anaweza kuja akakukuta wewe mmojawapo.

Sasa mabuti, maana hapa ndipo likizo za watu zinapoharibikia.

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi duka linajaa familia zenye haraka. Mtu kavaa soksi tatu, ameambiwa kuna baridi. Soksi tatu ndizo zinazoleta baridi: mguu unabanwa, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Soksi ni moja, nyembamba, ya sufu, inayopanda mpaka karibu na goti. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti, iishie juu yake, kwa sababu ule mkunjo mdogo wa kitambaa ukikaa kati ya buti na ugoko unachubua kama msumeno ikifika mchana. Vaa buti, piga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma, halafu simama wima. Vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti kama anayetaka kukaa, vidole vinaachana na ukuta wa buti. Hapo ndipo saizi yako ilipo. Visipogusa kabisa ukiwa wima, buti ni kubwa, na buti kubwa ni baya kuliko linalobana, maana mguu unaelea ndani na skii haikusikii. Mtoto usimchukulie kubwa "akue nalo", mnarudisha Ijumaa.

Tutakuuliza uzito, urefu, umri na uwezo wako, na tutasoma urefu wa soli ulioandikwa kwenye kisigino cha buti. Vyote hivyo ni vya kupanga vifungio, yaani nguvu ambayo skii itahitaji kabla ya kufunguka ukianguka. Hapa kinababa wanajipandisha uwezo na kinamama wanajipunguzia kilo. Tafadhalini. Kifungio kikiwa legevu skii inachomoka ovyo njiani, kikiwa kigumu mno hakifunguki, na kinachogeuka ni goti. Dukani hakuna anayekucheka, tunaandika namba na kukusahau.

Njooni jioni ya kuamkia siku ya kwanza, sio asubuhi yenyewe. Maduka mengi yanakupa vifaa kuanzia alasiri bila kukutoza siku hiyo.

Dereva wa Usiku

Fundi kamaliza upande wa miguu, mimi niongeze magurudumu. Nimeendesha sana Munich mpaka Verona kwa kazi.

Matairi ya baridi sio hiari. Austria, kukiwa na theluji au barafu barabarani, ni lazima kati ya Novemba 1 na Aprili 15. Maeneo mengi ya Italia ya milimani wanataka matairi hayo au minyororo ndani ya gari kuanzia Novemba 15 mpaka Aprili 15, na Ufaransa upande wa Alps ni Novemba 1 mpaka Machi 31. Austria mnanunua stika ya barabara kuu, na barabara ya Brenner ya kuvukia kwenda Italia inalipiwa kando. Uswisi hawana stika ya siku chache, ni ya mwaka mzima tu, faranga 40, hata kama mnakatiza mara moja.

Zermatt magari ya petroli na dizeli hayaingii. Mnaacha gari Täsch na kupanda treni, na mabegi, na watoto, na mama. Kutoka Val Gardena mpaka huko, Google itakuonyesha njia ya kiangazi yenye mstari mzuri, lakini barabara za juu kama Furka hufungwa majira ya baridi, gari linapakiwa kwenye treni kupita chini kwa chini. Na kutoka Chamonix kurudi Leipzig ni karibu kilomita elfu moja. Mwambie kaka apige hesabu hiyo siku ya kumi, watoto wakiwa nyuma wanaulizana nani kamgusa mwenzake.

Binti wa Grenoble

Kwa upande wa Ufaransa, Februari ndiyo mwezi mgumu kuliko yote. Nchi imegawanywa kanda tatu za shule, A, B na C, kila moja inapata wiki mbili kwa kupishana, kwa hiyo milima inakuwa imejaa karibu mwezi mzima. Nyumba nyingi za kupangisha huko juu hutolewa Jumamosi mpaka Jumamosi. Kupata usiku miwili katikati ya wiki mtapata hoteli tu, na kwa bei ya kukutoa machozi. Jumamosi yenyewe, foleni kuelekea Albertville na Moûtiers inaitwa habari ya taifa.

Chamonix naipenda, nisieleweke vibaya. Kupanda Aiguille du Midi mpaka mita 3,842 na kuuona Mont Blanc pale mbele ni kitu cha kufanya mara moja maishani. Ila ni mji wa wapanda milima. Maeneo ya kuteleza yametawanyika bondeni, mnahama kwa basi, na sehemu za wanaoanza ni vipande vidogo. Na mtoto wa miaka mitano kumpandisha ghafla karibu mita 4,000 mimi singefanya.

Mama Wawili (Leipzig)

Asanteni sana, nimesoma kwa sauti mezani. Mama mkwe amesema huyo kijana wa mabuti "ana adabu na ana akili", na kwamba yeye anataka farasi. Mume wangu amenuna kidogo kisha akauliza: sasa tukikaa Austria wiki nzima, Ulaya tutaiona wapi? Anataka angalau nchi tatu. Na je, bima tuliyonayo ya kawaida ya afya ya Ujerumani inatosha?

Fundi Mabuti (Tyrol)

Mwambie kaka nchi tatu anazipata bila jasho. Angalia:

Jumamosi treni ya Leipzig mpaka Munich, mwendo wa saa tatu na kitu, halafu Garmisch mpaka Seefeld. Jumapili pumzikeni, jioni chukueni vifaa. Jumatatu mpaka Ijumaa watoto shuleni, na nyinyi wakubwa wawili jiungeni na kundi lenu, msifundishane wenyewe. Nimewaona wanandoa wakifundishana, wanarudisha vifaa saa nane na kila mmoja anatazama upande wake. Jumamosi ya pili mnashuka Innsbruck, dakika 40 hivi kwa treni, usiku miwili. Alasiri mnapanda treni ya Hungerburg ambayo stesheni zake zilisanifiwa na msanifu majengo Zaha Hadid, kisha gari la kebo mpaka Seegrube, mita 1,905, na mama anaweza kwenda nanyi bila kupanda ngazi nyingi. Jumapili mnakatiza Brenner kwa treni mpaka Bolzano, mwendo wa saa mbili, mnarudi jioni. Hapo kuna jumba la makumbusho lenye Ötzi, yule mtu wa barafu aliyeokotwa milimani 1991 akiwa amekaa huko zaidi ya miaka 5,000. Binti wa miaka 9 hatamsahau. Jumatatu nyumbani. Ujerumani, Austria, Italia, na mabegi mmeyafungua mara mbili tu.

Pasipoti na vibali vya kuishi beba vya wote, na pasipoti ya mama yenye viza hasa. Ni Schengen, lakini treni za kurudi Ujerumani polisi wanaingia na kukagua.

Bima: hapa msifanye mzaha. Kadi ya afya ya Ulaya inawafikisha kwa daktari wa umma, ila kuteremshwa mlimani kwa helikopta ni bili yako, na ni maelfu ya euro. Wenyeji wengi hapa wanajiunga na Alpenverein, chama cha wapanda milima, kwa sababu ada ya mwaka ina bima ya uokoaji ndani yake, na kipo cha Ujerumani pia chenye uanachama wa familia. Viza ya mama inataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, hiyo anayo tayari. Mnunulieni vile vya mpira vyenye meno ya chuma vya kuvalia chini ya viatu. Watu wazima wengi wanaoumia mjini hawajagusa skii, wameteleza kwenye maegesho.

Mkiamua kuteleza hata siku moja upande wa Italia, jueni sheria inataka kila mtu awe na bima ya kumlipa atakayemgonga, na helmeti. Bima hiyo inauzwa dirishani pamoja na tiketi.

Msafiri wa Reli

Niruhusiwe kupinga kidogo. Fundi anavutia upande wa duka lake 😄 Sisi tulikwenda baridi na wazazi na watoto, tukaacha skii kabisa, tukazunguka Uswisi kwa treni. Kadi ya kusafiria ya Swiss Travel Pass huuziwa yeyote asiyeishi Uswisi wala Liechtenstein, nyinyi wa Leipzig mkiwemo, na watoto wa chini ya miaka 16 wakiwa na mzazi hawalipi. Lauterbrunnen, Wengen ambako magari hayafiki, meli ziwani Thun. Wazee walifurahi kuliko sisi, na hakuna aliyerudi anachechemea. Watoto walipata sleji za mbao, zinakodishwa stesheni nyingi za milimani, na somo lake ni dakika tano. Kasoro ni bei ya chakula, na kule Jungfraujoch, mita 3,454, nauli kamili ya mtu mzima inavuka faranga 200 kwenda na kurudi, hata hiyo kadi inakupa punguzo tu. Na zimeni data ya simu mkivuka mpaka. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, kifurushi chenu huenda kisifanye kazi.

Fundi Mabuti (Tyrol)

Mkuu hapo sikupingi hata kidogo. Hiyo ndiyo safari ya kuzunguka, na ni nzuri. Ninachokataa ni kuzichanganya. Swali la kumwuliza kaka ni moja: anataka watoto wajue kuteleza, au anataka waone milima? Akijibu la pili, nendeni Uswisi na roho safi, mimi sitakasirika, nina wateja.

Mama Wawili (Leipzig)

Amejibu la kwanza, na watoto wamepiga kelele kabla hajamaliza. Kwa hiyo Seefeld. La mwisho kabisa: mavazi tununue au tukodi? Na chakula, sisi ni Waislamu, huko milimani tutakula nini?

Fundi Mabuti (Tyrol)

Mavazi: koti na suruali ya kuzuia maji tafuteni za mtumba huko kwenu Leipzig, za watoto zinauzwa zikiwa karibu mpya kwa sababu wanakua haraka. Ndani ni sufu au nguo za michezo. Pamba hapana, ikilowa jasho inakaa mwilini ikiwa baridi siku nzima. Watoto glavu za kidole kimoja, vidole vikikaa pamoja vinapashana joto, na chukueni jozi ya akiba maana hadi saa nne ile ya kwanza inachuruzika. Miwani ya theluji kila mtu. Helmeti, mabuti na skii kodini.

Na mafuta ya jua, tafadhali, msisikilize wale wanaosema ngozi yetu haiungui. Kila mita 1,000 unazopanda miale inaongezeka kama asilimia 10, na theluji mpya inakurudishia sehemu kubwa usoni kutokea chini. Midomo ndiyo inayoanza.

Chakula: vibanda vya milimani vina nyama ya nguruwe kila kona, hata pasipotajwa. Gröstl ni viazi vya kukaanga, lakini wanatia vipande vya nguruwe. Knödel, yale madonge ya mkate, uliza ndani kuna nini kabla hujaagiza, mengi yana Speck, yaani nguruwe wa kukaushwa. Salama zaidi ni Käsespätzle, tambi za jibini na vitunguu, watoto watazipenda. Kaiserschmarrn ile ya mayai na sukari inaonekana haina neno, lakini zabibu zake kavu mara nyingi zimelowekwa ramu, kwa hiyo sema "ohne Rosinen" na uhakikishe wamekusikia. Innsbruck mjini kuna maduka ya Waturuki karibu na stesheni, chukueni mikate na vya kupaka mkiwa mnapita, na kwa kukaa Seefeld tafuteni nyumba yenye jiko badala ya hoteli. Shule ya watoto ina chakula cha mchana, andikeni kwenye fomu kabisa kwamba hawali nguruwe, wamezoea.

Shule na nyumba wekeni nafasi sasa hivi, msingoje Januari. Wiki zenu huwa zinaweza kugongana na likizo ya Bavaria, na wao wako saa mbili tu kutoka hapa.